Sakoshi za ngozi za zamani: kwa nini ziko na bei nguvu, na namna ya kutambua za bandia

Ku soko mambo inaendeka hivi. Mwuzaji anatosha sakoshi ya kahawia yenye herufi L na V pamoja na maua madogo. Anasema ni Louis Vuitton ya zamani, ngozi tupu, ilitoka Paris. Mteja anakuwa na mashaka. Basi mwuzaji anawasha kiberiti, anakaribisha moto ku sakoshi na kusema: «Ona mama, ngozi ya kweli haiungue!» Watu wanashangaa, na feza inatoka mu mfuko.

Shida ni kama ile Louis Vuitton ya kahawia yenye herufi na maua, ile ya kawaida inaitwa Monogram, mwili wake si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki, karibu ndugu ya bashe, lakini laini na nguvu zaidi. Ngozi iko paka ku mikono, ku mishipi na ku pembeni. Kwa hiyo mwuzaji anayeapa kama ile ni «ngozi tupu mwili muzima» hajui kitu anauza, ao anajua na anadanganya. Na kama sakoshi ilikuwa ya kweli, kiberiti yake imeiharibu.

Makala hii ni kwa mama na dada wanaouza sakoshi mu Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, na kwa wale wanaonunua. Dola 200 ao 250 si mchezo. Kwa wengi ni feza ya likelemba ao mkopo wa AVEC, na tangu benki za Goma na Bukavu kufungwa mwanzoni mwa 2025, kuna watu waliona heri kuweka feza mu vitu kuliko kuilaza chini ya godoro. Kama kitu chenyewe ni bandia, feza imekufa. Tunataka kueleza kwa nini sakoshi hizi zinatafutwa hivi, kisha namna ya kuziangalia. Neno kubwa la kushika ni hili: jina njo kitu rahisi kuiga kupita vyote. Kazi ya fundi njo ngumu kuiga. Angalia kazi kwanza, jina liachie mwisho.

Ilianza na farasi na safari

Mwaka wa 1837, Thierry Hermès alifungua karakana yake mu Paris. Alikuwa anatengeneza hatamu na vifaa vya ngozi vya farasi. Kwa mshono wa tandiko la farasi, fundi anatumia sindano mbili na uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta ya nyuki. Sindano zote mbili zinapita mu tundu moja, moja inatoka upande huu, ingine upande ule. Kama uzi unakatika pahali pamoja, mishono ingine inabaki imekaza. Mashini ya kushona haifanye hivyo: inafunga nyuzi mbili, ya juu na ya chini, na ukikata moja mshono unaweza kufumuka. Mpanda farasi alihitaji mshono wa nguvu, na mshono uleule uko mu sakoshi za Hermès mpaka leo.

Louis Vuitton alianza Paris mwaka wa 1854 na masanduku ya safari. Wakati ule watu walikuwa wanasafiri sana kwa treni na meli, na masanduku mengi yalikuwa na mufuniko wa mviringo. Yeye alitengeneza ya mufuniko bapa, yanayoweza kupangwa moja juu ya ingine. Guccio Gucci alifungua duka yake mu Florence, Italia, mwaka wa 1921. Mu 1947, kisha vita, vifaa vilikuwa haba, na mafundi wa Gucci wakapinda mianzi kwa moto na kuifanya mikono ya sakoshi. Gabrielle Chanel naye alitosha sakoshi yake mu mwezi wa pili wa 1955, njo maana inaitwa 2.55. Aliiweka mnyororo wa kuvaa ku bega, juu mwanamke abaki na mikono huru.

Kwa nini ya zamani inatafutwa?

Sababu ya kwanza ni kazi. Ngozi nzuri, iliyokatwa vizuri na kushonwa vizuri, inaweza kuishi kupita mwenye aliinunua. Inarudishwa kwa fundi, inabadilishwa mukono, inashonwa tena. Sakoshi ya plastiki ikipasuka, ni ya kutupa.

Sababu ya pili ni namna ngozi inazeeka. Ngozi ya asili ambayo haikufunikwa na rangi nzito inabadilika polepole kwa jua na kwa mafuta ya mkono. Mikono ya Louis Vuitton inaanza na rangi ya beji, inaenda ku rangi ya asali, kisha kahawia. Huo uzee wapenzi wa vitu vya zamani wanaupenda, juu hauuzwe mu duka mpya.

Ya tatu ni hadithi. Mu 1956, picha za Grace Kelly, mke wa mfalme mdogo wa Monaco, akibeba sakoshi ya Hermès zilizunguka dunia, na sakoshi ile ikabaki na jina Kelly. Birkin nayo ilitoka mu 1984, kisha mwimbaji Jane Birkin kukutana na mkubwa wa Hermès, Jean-Louis Dumas, ndani ya ndege kati ya Paris na London, akamwambia hakuna sakoshi inayomutosha mama mwenye mtoto mdogo. Sakoshi ya kwanza kabisa ya Jane Birkin, ile aliitumia mpaka ikachakaa, iliuzwa kwa mnada mu Paris tarehe 10 mwezi wa saba 2025 kwa euro milioni 8.6.

Bei ile isidanganye mtu. Ile ni moja tu mu dunia. Sakoshi ingine ya zamani inaweza kuwa ya kweli na bado kuwa na bei ndogo, kama pembe zimepasuka, kama ndani kumeoza, ao kama ni ya aina iliyoshonwa kwa wingi.

Sisi Wakongomani si wageni mu mambo ya grife. Tangu miaka ya Papa Wemba na La Sape, vijana wa Kinshasa na Brazzaville walijifunza kusoma kiatu cha Weston ao koti ya Japani kwa mshono na kitambaa. Sapeur wa kweli anafungua koti na kuonyesha ndani yake. Tabia ile ya kuangalia ndani ni nzuri, na tutaitumia hapa.

Bandia haikuanza jana

Wengi wanafikiri bandia ilikuja na bidhaa za China. Hapana. Louis Vuitton alikuwa bado muzima wakati watu wa Paris walikuwa wanaiga masanduku yake. Mu 1888 alitosha kitambaa cha miraba, Damier, na akaandika ndani yake kama ni alama iliyosajiliwa. Waigaji hawakuacha. Mu 1896, miaka minne kisha kifo chake, mtoto wake Georges akatengeneza Monogram, herufi na maua, kusudi iwe nguvu kuiga. Leo ile alama iliyotengenezwa kwa kuzuia bandia njo inaigwa sana mu dunia. Mu Paris kuna hata makumbusho ya vitu bandia, iliyofunguliwa mu 1951, na ndani vitu vya kweli na vya uongo vinawekwa pamoja ili watu walinganishe.

Mu ripoti ya 2025, shirika OECD na ofisi ya Umoja wa Ulaya inayolinda alama za biashara walihesabu kama bidhaa bandia zilizovuka mipaka mu 2021 zilikuwa na bei ya dola miliari 467, ni kusema 2.3 kwa mia ya vitu vyote vilivyoagizwa mu dunia. China njo chimbuko la kwanza.

Namna gani zinafika kwetu

Kuna njia tatu kubwa. Ya kwanza ni balo za nguo kuukuu zinazopita Mombasa ao Dar es Salaam. Hapa tujue jambo moja: mbele balo haijafungwa kule Ulaya, nguo na sakoshi zinachaguliwa. Zile nzuri sana zinabaki kule, zinauzwa mu maduka ya vitu vya zamani. Kwa hiyo sakoshi ya kweli ya jina kubwa inaweza kuponyoka na kufika ku Birere ao ku Kadutu, lakini ni mara chache. Ukikuta kumi zinazofanana mu balo moja, usijisumbue: zote ni kopi.

Njia ya pili ni wafanyabiashara wanaoenda Dubai, Guangzhou ao Istanbul. Ya tatu ni ndugu walio Paris ao Brussels wanaotuma zawadi. Na ndugu pia wanadanganywa, juu bandia zinauzwa hata kando ya njia za Paris. «Ilitoka Ulaya» inaonyesha njia sakoshi ilipita. Haionyeshe fundi aliyeishona.

Tuangalie hatua kwa hatua

Peleka sakoshi pahali pa mwangaza wa mchana. Usiangalie usiku na tochi ya simu. Kisha fuata hizi hatua:

1. Pima uzito na umbo. Iweke juu ya meza. Isimame sawa, isianguke upande. Mikono yote miwili iwe na urefu mmoja na ikae pahali pamoja.

2. Fuata mshono kwa kidole. Mishono iwe na urefu sawa toka mwanzo mpaka mwisho, bila nyuzi zinazoning'inia, bila kushona mara mbili pahali fundi alikosea. Ku Hermès, mshono wa mkono unalala kidogo upande, haunyooke kabisa sawa wa mashini.

3. Gusa ngozi na uinuse. Ngozi ya kweli iko na vitundu na mistari isiyofanana. Ukiikunja kidogo inafanya mikunjo midogo na inarudi. Plastiki inarudia chapa moja kila pahali, na ikizeeka inabambuka sawa rangi ya ukuta. Kama harufu ya gundi inakupiga ku pua, jihazari.

4. Angalia makali, pale ngozi ilikatwa. Kazi nzuri iko na makali laini, yaliyopakwa rangi sawasawa. Bandia nyingi ziko na rangi inayopasuka ao inayovuja juu ya mshono. Pahali ngozi imechoka, chungulia: ngozi iko na nyuzinyuzi ndani, plastiki iko na kitambaa chini yake.

5. Shika vyuma. Vyuma vizuri ni vizito, baridi, na maandishi yake yamechongwa safi. Unaweza kukaribisha sumaku ndogo, hata ile ya spika ya radio iliyokufa: shaba haivutwe. Lakini sumaku peke yake haitoshe, juu vifungo vingine vya kweli viko na chuma ao sumaku ndani.

6. Vuta zipu mara tano. Iende bila kukwama.

7. Fungua ndani. Waigaji wanaweka nguvu pale macho ya watu yanafika. Pembe za ndani, mfuko mdogo na mshono wa chini njo pahali uvivu unaonekana.

8. Linganisha uzee. Sakoshi ya miaka 30 haiwezi kuwa na mikono mipya, vyuma vinavyong'aa na chini safi, isipokuwa ilitengenezwa tena. Kama mwili umechoka, na mikono ichoke nao. Bandia mingine inapakwa rangi ya chai ili ionekane ya zamani, lakini ile rangi inakuwa ileile kila pahali, hata pale mkono haugusake.

Majina matatu yanayoigwa zaidi

Louis Vuitton. Mu chapa ya jina, herufi O ni mviringo kabisa, L iko na mguu mfupi, na T mbili karibu zinagusana. Watu mingi wanasema kama LV zimepinduka, kichwa chini, ni bandia. Si kweli kila mara: sakoshi kama Speedy ya Monogram inakatwa mu kipande kimoja kinachozunguka chini, kwa hiyo upande mmoja herufi zinapinduka. Vilevile «Made in USA» ao «Made in Spain» si dalili ya uongo; nyumba hii iko na karakana inje ya Ufaransa. Na kuna aina za ngozi kabisa, kama Epi ya mwaka 1985, lakini hazina ile chapa ya kahawia ya Monogram.

Ndani kunakuwa kodi ndogo ya herufi na namba, iliyoanza mu miaka ya 1980. Kwa sakoshi za 1990 mpaka 2006, namba ya kwanza na ya tatu ni mwezi, ya pili na ya nne ni mwaka. Hivi 0928 ni mwezi wa 02, mwaka wa 98. Tangu 2007, namba ya kwanza na ya tatu ni juma: 2140 ni juma la 24 mu mwaka wa 2010. Ukihesabu na unapata mwezi wa 17, ile kodi ni ya uongo. Tangu 2021 kodi zilibadilishwa na chipu isiyoonekana. Lakini kodi sahihi nayo haimalize maneno, juu sakoshi mingi zinagawana kodi moja na mwigaji anaweza kuinakili.

Hermès. Jina linaandikwa na alama juu ya E ya pili: HERMÈS. Waigaji wengine wanaisahau. Ndani kunakuwa alama ya fundi na herufi ya mwaka, iliyogandamizwa ku ngozi. Hermès haitoe karte ya kushuhudia kama sakoshi ni ya kweli. Kwa hiyo mwuzaji anayekuonyesha karte ya rangi ya machungwa kama ushuhuda amekupa sababu ya kumuachia sakoshi yake.

Chanel. Mistari ya mraba iliyoshonwa lazima ikutane: ya mfuko wa nyuma na ya mwili ziendelee bila kukatika. Kifungo cha C mbili kilikuja na Karl Lagerfeld, aliyeingia Chanel mu 1983, 2.55 za kwanza ziko na kifungo cha mstatili bila C. Mu C mbili, ya kuume inapita juu ya ya kushoto pale juu, na chini inakuwa kinyume. Karatasi ndogo ya namba, ile inabandikwa ndani, ilianza katikati ya miaka ya 1980. Mtu akikuambia sakoshi ni ya 1965 na iko na ile karatasi, hesabu yake haiingiliane.

Vitu visivyokuwa ushuhuda

Moto, tumekwisha kusema. Maji nayo hapana: ngozi ya kweli isiyopakwa rangi inashika doa haraka. Mfuko wa kitambaa, kiboksi, risiti, vyote vinaigwa. Picha ya intaneti ya sakoshi ingine si picha ya ile iko mbele yako. Bei kubwa nayo haishuhudie kitu. Kuna wauzaji wanaopandisha bei kusudi mteja aamini.

Na haki inaomba tuseme upande wa pili: kuna makosa yasiyomaanisha bandia. Sakoshi fulani za kweli za Louis Vuitton za miaka ya 1990 ziko na mifuko ya ndani inayogeuka kuwa sawa gundi wakati joto na unyevu vinazidi. Usiite mwuzaji mwizi kwa sababu ya alama moja tu. Hesabu alama zote pamoja.

Tukubali pia kama kuna kopi za kiwango cha juu, zilizoshonwa na ngozi ya kweli, ambazo hata wazoefu zinawasumbua. Kwa sakoshi ya feza mingi, macho yako peke yake hayatoshe.

Mbele ya kutosha feza

Omba siku moja ao mbili. Anayekuharakisha iko na sababu. Mpeleke fundi wa viatu unayemuamini. Hajui historia ya Chanel, lakini anajua ngozi, uzi na gundi kupita wewe na mimi. Tuma picha za mshono, za chapa, za ndani na za chini kwa ndugu aliye pahali sakoshi za kweli zinauzwa, alinganishe. Andikishana karatasi na mwuzaji: jina, tarehe, bei, na neno «nitarudisha feza kama ni bandia». Anayekataa kuandika, muache.

Kama unasafiri, ujue kama Ufaransa kubeba kitu bandia ni kosa, hata kama ni kimoja na hata kama ulikipewa zawadi. Watu wa forodha wanaweza kukikamata na kukutoza feza, na sheria inaruhusu mpaka kifungo cha miaka 3. Ile sakoshi ya kuvalia ku arusi ya ndugu Paris inaweza kukuleteya aibu ku uwanja wa ndege.

Kwa mama wauzaji: kama ni kopi, sema ni kopi, na uuze bei ya kopi. Mteja uliyemdanganya mara moja anaenda na wateja kumi wa kesho.

Kutunza ile uko nayo

Hali ya hewa ya kando ya ziwa iko na unyevu, na ngozi inaota ukungu. Usiifunge ndani ya saketi ya plastiki. Itie ndani ya kitambaa cha pamba. Jaza ndani karatasi nyeupe ili umbo libaki. Gazeti linaacha wino. Usiianike ku jua ikilowa, ipanguse na iache ikauke pahali pa upepo. Usiitundike kwa mukono wake miezi mizima.

Tena, haulazimishwe kuwa na jina la Paris. Balo zinaleta sakoshi za ngozi nzuri zisizo na jina, mshono umekaza, makali safi, kwa bei ndogo sana. Wenye kukimbilia herufi wanaziruka. Wewe uliyejifunza kuangalia mshono, ziokote: zingine zitakutumikia miaka 20, na hakuna mtu atakuuliza kama ni za kweli.